Masizi ya Ncha ya Kusini

Mama Neema alifia nyumbani Kenya katikati ya wiki, na sisi tukamlilia Doha siku ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku ambayo Mkenya wa huku anaweza kulia bila kuomba ruhusa kwa mtu. Matanga tuliyaweka kwangu, Al Thumama. Tulisukuma makochi ukutani, tukaazima viti vya plastiki kwa majirani, nikapika chai ya maziwa na chapati tangu asubuhi. Binti yake, Neema, ambaye ni nesi na ndio kwanza anaanza kazi hapa, alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Aliomba likizo ya kwenda kumzika mama yake akaambiwa asubiri, kana kwamba maiti nayo husubiri. Mazishi yalikuwa kesho yake na angeyaangalia kwenye simu. Watu wakaja, wakaomba, wakaimba, wakala. Walipokwisha kushiba ndipo minong'ono ilipoanza. Mlango wa jikoni kwangu haufungi vizuri, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nikiongeza majani kwenye chai, nikamsikia Wafula. Huyu Wafula tulikuja Doha mwaka mmoja, na siku hizi ni msimamizi wa walinzi hotelini. Alikuwa akimwambia jirani yake wa kiti, "Si huyu mama ndiye alirudishwa kwa kuiba sufuria ya mzungu?" Yule mwingine akauliza, "Ati sufuria?" Wafula akasema, "Sufuria, nakuambia. Ya watu wa zamani wale walienda huko kwa barafu." Wakacheka ile ya kujizuia, ya matangani. Neema alikuwa ameketi karibu nao, kikombe mkononi. Hakugeuka wala hakushtuka, akaendelea kupuliza chai yake, na hapo nikajua kwamba maneno hayo ameyasikia tangu utotoni.

Mimi si mpole tena. Kuna wakati nilikuwa mpole, mwaka ule ninaotaka kuueleza, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na nikiamini kwamba mtu akisema ukweli kwa adabu atasikilizwa. Tangu wakati huo nimeusimulia ukweli wa sufuria ile kwenye vyumba vingi vya Wakenya hapa mjini, na kila mara nimewaona watu wakiitikia kwa kichwa, halafu wiki ijayo wanauliza tena kama ni kweli yule mama aliiba. Habari ya wizi hubebeka. Ukweli huu wangu una vipengele, unamtaka mtu akae, na watu wa huku wametoka kazini wamechoka.

Tulikuwa wawili katika nyumba ile, upande wa Al Rayyan, nyumba ya ghorofa ndani ya ukuta mrefu wenye nyumba nyingine zinazofanana nayo. Mimi nilifua, nikapiga pasi na kuandaa meza. Mama Neema, ambaye alinipita kwa miaka kumi na zaidi, alipika na kufanya usafi. Bosi alikuwa mzungu mhandisi, Bwana Ruud, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na sikumsikia akifoka hata siku moja. Mkewe tulimwita Madam tu. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, hakina dirisha, vitanda viwili na kabati moja la bati, na kiyoyozi kizee kilichokohoa usiku kucha. Ghorofani kulikuwa na chumba kingine tulichokiita chumba cha barafu. Humo ndimo Bosi alimoweka vitu vyake, vitu vya wale wazungu wa kale waliokwenda Ncha ya Kusini, mahali pasipo na mti wala nyumba, barafu tupu. Alikuwa akivinunua popote vinapouzwa duniani. Kulikuwa na gari la mbao lisilo na magurudumu, la kuburutwa juu ya barafu. Kulikuwa na miwani ya mbao yenye mpasuo mwembamba badala ya kioo, kofia ya sufu iliyoliwa na nondo, mikanda ya mbwa, makopo yenye kutu, na biskuti moja iliyong'atwa pembeni, imelazwa juu ya kitambaa cheusi ndani ya kisanduku cha kioo. Biskuti hiyo ilikuwa na zaidi ya miaka mia. Ilikuwa na kiyoyozi chake mwenyewe, kipya, ambacho hakikuruhusiwa kuzimwa hata wenye nyumba wakisafiri. Mwezi wa Agosti kiyoyozi chetu kilikufa kabisa, tukalala sakafuni jikoni juma zima tukimsubiri fundi, na juu ya vichwa vyetu biskuti imelala kwenye baridi. Mama Neema alisema, "Rispa, kwa hii nyumba heri ningezaliwa biskuti." Tulicheka mpaka Madam akaja kuuliza kuna nini.

Nasema tulicheka, na ni lazima niseme pia kwamba Bosi tulimpenda. Hilo linanikera mpaka leo kuliko mengine yote. Angekuwa mtu katili ningemsahau, maana makatili wako wengi na mtu hujifunza kuwapita. Lakini huyu alikuwa akituamkia kila asubuhi, akiuliza habari za watoto wa Mama Neema kwa majina, na akiwa peke yake katika chumba cha barafu akituona tunapita alituita ndani kutuonyesha kitu kipya kilichofika. Wageni walipokuja kula chakula cha jioni, aliwasimulia. Mimi nikipitisha supu nilisikia yote: jinsi wale wanaume walivyotembea kwenye giza la miezi, jinsi walivyokula farasi wao na mbwa wao, jinsi miguu ilivyooza ndani ya viatu. Jioni moja mgeni mmoja wa kike alilia mezani kwa ajili ya njaa ya watu wale, machozi kabisa, akanigeukia bila kuniangalia akanyoosha mkono. Nikampa tishu. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, na chakula changu kilikuwa kile kitakachobaki kwenye sinia, nikamhurumia yeye pia. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule.

Katika vitu vyote vya chumba kile, kimoja ndicho Bosi alichokiona kama mboni ya jicho, nacho kilikuwa sufuria. Ilikuwa sufuria ya alumini ya kawaida, yenye vishikio viwili, nyeusi tititi kwa masizi nje yote, masizi mazito yenye kunata. Siku aliyotuonyesha, Mama Neema aliuliza swali ambalo hakuna mgeni yeyote aliyewahi kuliuliza mezani. Aliuliza, "Sir, hao watu nani alikuwa anawapikia?" Bosi alifurahi hata akakaa chini. Akaeleza kwamba kulikuwa na mpishi, mtu maskini, jina lake halimo katika habari nyingi. Kwamba kuni hazikuwepo, hivyo mpishi alichoma mafuta ya sili, mnyama wa baharini, na moshi wa mafuta hayo ndio uliopaka kila kitu weusi, hata nyuso zao. Kwamba majira yote ya giza mpishi huyo aliwapikia wenzake kwenye sufuria hii hapa, na bila yeye wangekufa. Akampa Mama Neema glavu nyeupe, akamruhusu aishike. Mama Neema aliigeuza chini juu, akaitazama mgongo, akatikisa kichwa polepole. Tulipofika jikoni akaniambia, "Umeona ile sufuria? Mtu amepikia watu mpaka wakapona, na hakuna hata mmoja alimwoshea."

Ambaye hakulelewa upande wetu huenda asielewe. Kwetu sufuria huanikwa kwenye uchanja nje, kifudifudi, mgongo ukitazama njia. Mgeni kabla hajapiga hodi amekwisha kuiona migongo, na kwa migongo ile amekwisha kujua ni mwanamke wa namna gani anaishi pale. Ndani ya sufuria kila mtu huosha. Mgongo ndio heshima. Kunapokuja wageni wakubwa, wa mahari au wa msiba, wanawake huketi uani tangu asubuhi na majivu na mchanga, wanasugua mpaka jua linaangaza kwenye alumini, na wakati mwingine jirani huja kumsugulia jirani yake aliyezidiwa. Mama Neema alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Hata sufuria za Madam, zinazopikiwa kwenye umeme na hazijui moshi, alizigeuza akazisugua migongo kila Ijumaa.

Mwisho wa mwaka ule walitarajiwa wageni wa Bosi, watu watatu kutoka ng'ambo, wakusanyaji kama yeye. Nilisikia wakizungumza juu yao wiki nzima wakati wa kifungua kinywa. Hawa hawakuwa watu wa kulia mezani. Walikuwa watu wa kuangalia kitu kwa lenzi na kusema ni cha kweli au si cha kweli. Walikuwa wanakuja kuiona sufuria. Chumba cha barafu kwa kawaida Bosi alikipangusa mwenyewe, kwa brashi laini ya manyoya, na ufunguo hakumpa mtu ila mkewe. Ijumaa ile alikwenda uwanja wa ndege kuwapokea, na mimi nikaenda kanisani, kwa kuwa Doha hata sisi Wakristo tunasali Ijumaa. Tukiwa hatupo, Madam alipanda ghorofani, akaona vumbi juu ya makabati, akaogopa aibu. Akamfungulia Mama Neema chumba. Akamwambia, na maneno haya Mama Neema aliyarudia kwangu mara nyingi siku hiyo kama mtoto anayesoma Biblia shuleni, kwamba anataka kila kitu mle ndani king'ae. Kila kitu. Kisha akaenda kutengenezwa nywele.

Niliporudi mchana nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anaimba pambio uani, nyuma, karibu na jiko la kuchomea nyama. Alikuwa amechota majivu ya mkaa wa jiko hilo na kuyachanganya na mchanga, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, miguu ameitandaza, sufuria ya Ncha ya Kusini kifudifudi mapajani. Maji meusi yalikuwa yametiririka hadi kwenye ukuta. Sufuria ya yule mpishi wa barafuni aliiacha bila doa, ila kipande kidogo chini ya kishikio kimoja, kiasi cha kidole gumba, ambacho masizi yake yalikuwa yameng'ang'ania. Uso wake ulikuwa unatoka jasho na furaha. "Njoo uone," aliniambia. "Sasa hawa wageni watajua huyu mpishi alikuwa mtu wa maana. Kwani wangekuja kutoka mbali hivyo waone uchafu wake?" Mimi mwenyewe, nasema kweli, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba inapendeza.

Bosi alitokea kwenye mlango wa jikoni. Wageni alikuwa amewaacha hotelini wapumzike. Alisimama. Akaja polepole akaichukua sufuria kutoka mikononi mwa Mama Neema, akaigeuza, akaigeuza tena, akaiweka chini. Kisha akapiga magoti kwenye yale maji meusi na suruali yake ya kitani, akaanza kuyazoa. Aliyazoa majivu na mchanga na masizi kwa viganja vyake, akiyatia ndani ya sufuria, na alipoona yanapita katikati ya vidole akaniomba kijiko, kwa adabu, kama anavyoomba siku zote. Nikamletea kijiko. Alichota na kuchota. Mama Neema aliniangalia, akamwangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Sir, wacha tu, hapo nitamwaga maji." Bosi alikuwa analia. Nimewaona wanaume wakilia makaburini, lakini sijawahi kuona mwanamume akilia kwa ajili ya masizi, na moyo wangu ulimwendea, Mungu anisamehe. Laiti yangeishia hapo, leo ningemsimulia kama mtu aliyepatwa na msiba.

Hayakuishia hapo. Madam alirudi na nywele zake, wakafungiana chumbani mwao, na jioni wageni watatu wakaja mezani. Mimi nilikuwa napitisha supu kama kawaida. Mmoja wao akauliza habari ya sufuria, na Bosi, kwa sauti yake ile ya chini, akasema imeibwa. Akasema mwanamke wa jikoni aliitoa nyumbani na kuiuza, hawajui kwa nani. Nilielewa mara moja, ingawa nilikuwa mchanga: mkusanyaji aliyeibiwa huhurumiwa na wenzake, lakini mkusanyaji ambaye kitu chake kikubwa kimesuguliwa kwa majivu nyumbani kwake huchekwa maisha yake yote. Mgeni mmoja akauliza kama amekwisha kuita polisi. Bosi akasema hapana, ni mama mwenye watoto, ameamua kumsamehe na kumrudisha kwao tu. Wakamsifu. Wote watatu, kwa zamu, walimsifu kwa moyo wake mzuri, na mmoja akainua glasi. Madam alikuwa anaangalia sahani yake. Nimewahi kutukanwa Doha, nimewahi kuitwa majina kwa lugha nne, lakini hakuna tusi lililonikaa kooni kama msamaha ule.

Nilimfuata Madam jikoni nikamwambia, kwa adabu zangu zote za wakati huo, "Madam, wewe ndiye ulisema kila kitu king'ae." Alifungua friji, akaangalia ndani kwa muda mrefu, akasema kama ninataka kuondoka pamoja na mwenzangu niseme, tiketi ya pili si shida. Nikamwambia tena. Akasema, "Khalas, Rispa," yaani basi, imetosha. Kesho yake asubuhi dereva alikuja kumchukua Mama Neema. Alikuwa amevaa vitenge vyake vya safari, amefunga kilemba vizuri, sanduku moja. Hakulia. Mlangoni alinishika mkono, akaniambia, "Wewe waambie watu sikuiba." Halafu akageuka tena, na hili ndilo lisiloniacha. Akasema, "Na umwambie Sir pole. Kuna kipande sikumaliza."

Sufuria yenyewe sasa ilikuwa haiwezi kuonekana, kwa sababu ilikuwa imeibwa. Madam alinipa ikiwa ndani ya mfuko wa takataka, akaniamuru nikaitupe mbali, si kwenye pipa la nyumba ile. Niliichukua nikaifunga ndani ya shuka, nikaihifadhi kwa marafiki, na nilipomaliza mkataba na kupata kazi nyingine nikaihamisha pamoja nami, nyumba hadi nyumba. Sikuwahi kupikia. Niliipangusa kwa kitambaa kikavu, nikikwepa kile kipande cha chini ya kishikio. Sikuionyesha kwa mtu, maana ningeanzaje? Kitu pekee kinachothibitisha kwamba Mama Neema hakuiba ni sufuria ambayo iko kabatini kwangu. Kwao nako habari ilikuwa imemtangulia. Alitaka kurudi Ghuba, mawakala wakamkatalia. Kikundi cha akina mama kanisani kilimwondolea kazi ya kutunza vyombo vya sherehe, vyombo, yeye ambaye angevisugua mpaka vikapungua uzito. Nilipompigia simu nikaanza kuzungumzia mambo yale alinikatiza, "Wacha tu, Rispa. Huko kunaendaje?" Hata na binti yake hakuyazungumza. Nadhani alichoka kusema neno lisiloaminiwa, na mtu akinyamaza watu humwekea maneno yao.

Basi Ijumaa hii, nikiwa na sufuria ya chai jikoni na kicheko cha Wafula masikioni, niliacha chai ichemke imwagike. Nilikwenda chumbani, nikaitoa ile nyingine chini ya mablanketi, nikaileta sebuleni nikaiweka mezani katikati ya vikombe. Nikasema, "Sufuria ya mzungu ni hii." Wafula akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Aisee! Kumbe mlikuwa wawili?" Na watu wakacheka tena, safari hii bila kujizuia. Sikushangaa. Nilivuta kiti nikaketi mbele ya Neema, nikawapa mgongo wao wote, nikamwambia yeye peke yake, tangu biskuti hadi kijiko, tangu mpishi hadi mlangoni. Nyuma yangu kicheko kilikwisha chenyewe. Neema hakunikatiza. Nilipomaliza aliichukua sufuria, akaigeuza kifudifudi mapajani, akapitisha kidole kwenye alumini mpaka akakifikia kile kipande cheusi.

"Anti, ni hapa alifika?"

"Ni hapo."

"Miaka hii yote nilikuwa nafikiri kuna kitu alificha," akasema. Akainuka nayo akaenda jikoni, nami nikadhani anataka kulia peke yake, nikamwacha. Watu wakaanza kuaga. Wafula alinishika mkono akasema, "Pole, dada, hatukujua," nikamjibu kwamba nilimwambia mara tatu kwa kinywa changu, na nikamfungulia mlango. Niliporudi jikoni maji yalikuwa yanatiririka. Neema alikuwa amekunja mikono ya nguo yake nyeusi, waya wa kusugulia mkononi, nusu ya ndimu pembeni. Sufuria ilikuwa kwenye rafu, kifudifudi, inadondosha maji. Inang'aa yote. Chini ya kishikio hapakuwa na kitu.

Damu ilinipanda kichwani. Kwa miaka yote hiyo nilikilinda kile kidole gumba cha masizi, ndipo mkono wa Mama Neema ulipoishia, hapakuwa na kitu kingine chochote chake duniani kilichobaki kwangu, na niliangalia maji meusi yakizunguka kwenye sinki yakishuka, nikataka kuyazoa kwa viganja. Nilimwelewa Bosi wakati huo. Nilimwelewa kabisa, mpaka kwenye suruali yake ya kitani. Neema alinigeukia, macho mekundu, mikono imechafuka hadi viwikoni.

"Mama hangeacha kazi katikati," alisema.

Nilikuwa na kinywa wazi tayari. Nikakifunga, nikameza, nikakifungua tena.

"Asante, mwanangu," nikamwambia. "Umeosha vizuri."

Ilinichukua pumzi moja tu. Nikachukua taulo, nikaanza kufuta vikombe.